Kutafuta nyaraka za zamani za lugha za programu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudiwa na wanafunzi na vijana wa kazi hapa Lubumbashi: anayeandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) chuoni kule Kasapa, aliyekabidhiwa programu ya mishahara iliyoandikwa kabla hajazaliwa, anayetunza tovuti ya duka la Kamalondo iliyokwama kwenye PHP 5. Wote wanagonga mwamba uleule. Msimbo ni wa zamani, nyaraka zinazofunguka ni mpya, na mega (data za intaneti) zinaisha wakati wa kutafuta.

Msimamo wa ukurasa huu ni mmoja: nyaraka sahihi ni zile za toleo linaloendesha mashine iliyo mbele yako, na mara nyingi bado zipo mahali fulani. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Nyaraka za rejea ni nini? Si sawa na kozi ninazofuata kwenye video?

Si sawa. Kozi inakushika mkono na kukupitisha njia moja. Nyaraka za rejea zimeandikwa na wanaoitunza lugha yenyewe, nazo zinaeleza kila kipande chake: fanksheni hii inapokea nini, inarudisha nini, inatoa kosa gani, ipo tangu toleo gani. Hakuna anayezisoma mwanzo hadi mwisho. Unaingia, unachukua jibu lako, unatoka.

Wengi wetu tulianzia kwenye kozi za Kifaransa, hasa za Site du Zéro, ambayo mwaka 2013 iligeuka kuwa OpenClassrooms. Zilifundisha kizazi kizima, na zilikifundisha vizuri. Lakini kozi haikuahidi kukueleza kila kitu, na nakala zake zinazozunguka kwenye flashi mara nyingi hazisemi ziliandikwa kwa toleo lipi.

2. Kwa nini nitafute za zamani wakati mpya zipo?

Kwa sababu lugha inabadilika na msimbo wako haukubadilika nayo. Mfano mdogo: katika Python 2, `7/2` inatoa 3. Katika Python 3, `7/2` inatoa 3.5. Hakuna kosa linaloonekana, hakuna maandishi mekundu, jibu tu ni tofauti. Ukisoma nyaraka za toleo la 3 huku programu ya mishahara inaendeshwa na 2.7, utaapa kwamba hesabu iko sawa, na mfanyakazi atapunjwa mwisho wa mwezi. Pesa ya mtu si jambo la kukisia.

Sababu ya pili ni kwamba kitu kikiondolewa katika lugha, ukurasa wake huondoka pia. Moduli ya `distutils` ilitolewa katika Python 3.12, mwaka 2023. Ukiwa na faili ya usakinishaji inayoitegemea, maelezo kamili utayapata kwenye nyaraka za 3.11 kurudi nyuma.

3. Nitajuaje ninatumia toleo gani?

Uliza mashine yenyewe kabla ya kufungua tovuti yoyote. Kwenye terminali (dirisha la kuandika amri): `python -V`, `php -v`, `java -version`, `perl -v`, `ruby -v`. Andika namba yote, si tarakimu ya kwanza peke yake. Kati ya PHP 5.3 na 5.4 mambo makubwa yalitoka, pamoja na `register_globals` na zile "magic quotes".

Angalia mitego miwili. Mashine moja inaweza kubeba Python mbili, moja ikiitwa `python` na nyingine `python3`, kwa hiyo uliza ile ambayo programu yako inaiita kweli. Na kama tovuti iko kwa kompani ya kuhifadhi tovuti, toleo la kompyuta yako halina maana: weka faili yenye `<?php phpinfo();` kwenye seva, ifungue kwa kivinjari, soma mstari wa juu, kisha ifute siku hiyohiyo, maana inamwonyesha kila mpita njia mpangilio wote wa seva.

4. Nimepewa msimbo tu kwenye flashi, mashine iliyouendesha haipo tena. Nitajuaje toleo?

Msimbo unasema wenyewe ukiusikiliza. Tafuta alama za aina mbili: zile zinazoonyesha kwamba toleo haliwezi kuwa jipya kuliko hapa, na zile zinazoonyesha kwamba haliwezi kuwa la zamani kuliko hapa. Katikati yake ndimo mlimo na jibu.

Katika Python, `print` isiyo na mabano inasema tuko kwenye toleo la 2. Maandishi yanayoanza na `f"` yanasema ni 3.6 au zaidi, alama ya `:=` ni 3.8 au zaidi, na `match` ni 3.10 au zaidi.

Katika PHP, `mysql_connect` au `ereg` zinasema msimbo ni wa kabla ya 7.0, maana zote ziliondolewa hapo, Desemba 2015. Orodha iliyoandikwa kwa `[]` badala ya `array()` inasema ni 5.4 au zaidi. Msimbo wenye vyote viwili basi uliandikwa kwa 5.4, 5.5 au 5.6, na utafutaji umebaki ndani ya matoleo matatu tu.

Katika Java, `List<String>` inasema Java 5 au zaidi, mshale `->` wa lambda ni 8 au zaidi, na `var` ni 10 au zaidi.

Tazama pia tarehe za faili, lakini usiziamini sana. Kunakili kutoka flashi hadi flashi huzibadilisha.

## Lugha kwa lugha

5. Nyaraka za Python za zamani ziko wapi?

Hapa mambo ni mepesi, na natamani lugha zote zingefanya hivi. Anwani ya `docs.python.org/3/` inaelekeza daima kwenye toleo jipya lililokamilika. Badilisha `3` kuwa `3.6` na ukurasa uleule unafunguka katika hali yake ya 3.6. Andika `2.7` na uko kwenye 2.7, toleo ambalo utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Matoleo ya mbali zaidi yako kwenye orodha ya `python.org/doc/versions`, hadi yale ya 1.x ya miaka ya 1990.

Ukifika kwenye ukurasa kutoka injini ya utafutaji, usianze kusoma mara moja. Inua macho kwenye anwani kwanza. Kama namba si yako, ibadilishe hapohapo. Sehemu kubwa ya "Python inanidanganya" ninayoletewa inaishia kwenye tarakimu hiyo.

6. Na PHP? Mbona sioni kitufe cha kuchagua toleo?

Kwa sababu hakipo. PHP ina mwongozo mmoja kwa matoleo yote, na historia imeandikwa ndani ya kila ukurasa. Chini ya jina la fanksheni kuna mabano kama `(PHP 4, PHP 5, PHP 7, PHP 8)`. Ukiona `(PHP 4, PHP 5)` tu, kama kwa `mysql_connect`, ujue fanksheni hiyo haikuvuka. Chini zaidi kuna jedwali la mabadiliko, linaloonyesha kila toleo liligeuza nini.

Shida ni kwamba waandishi wa mwongozo wamekuwa wakipunguza maelezo ya PHP 5 na kurudi nyuma, kwa hiyo jedwali linaweza kunyamaza juu ya mambo ya 2009. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni nakala ya mwongozo wa PHP 4 na 5 inayohifadhiwa na kompani ya Zend kwenye `php-legacy-docs.zend.com`. Ya pili ni kurudi kwenye ukurasa wenyewe kama ulivyokuwa miaka ile, kwa njia ya swali la 11.

Yale maoni ya watumiaji chini ya kurasa yana tarehe. Maoni ya mwaka 2004 yanaweza kuwa dhahabu kwa msimbo wa 2004 na sumu kwa msimbo wa leo. Soma tarehe kwanza, halafu maoni.

7. Nina TFC ya Java ya mkubwa wangu inayounganisha na Access (hifadhidata ya Microsoft), na haiendi kwenye Java 8. Nyaraka zinasemaje?

Swali hili linarudi kila mwaka, na msimbo ni karibu uleule: kuna mstari wa `sun.jdbc.odbc.JdbcOdbcDriver`. Hilo ni daraja la JDBC-ODBC, linalounganisha Java na hifadhidata kama Access, na liliondolewa katika Java 8, Machi 2014. Nyaraka za Java 8 haziwezi kukueleza namna ya kutumia kitu ambacho hakimo. Rudi kwenye Java 7: `docs.oracle.com/javase/7/`. Huko linaelezwa, pamoja na onyo kwamba lingeondolewa. Kama unataka programu iende kwenye Java ya sasa, tafuta UCanAccess, maktaba inayosoma faili za Access bila ODBC.

Kwa ujumla, rejea ya maktaba za Java iko kwenye anwani ya muundo huu: `docs.oracle.com/javase/8/docs/api/`, na unabadilisha namba. Kuanzia 11 muundo umebadilika kidogo: `docs.oracle.com/en/java/javase/11/docs/api/`. Katika kurasa hizo tafuta neno "Since": linasema darasa au mbinu ilianza toleo lipi.

Viungo vinavyoanza na `java.sun.com`, vilivyojaa kwenye silabasi za zamani, ni vya enzi za Sun Microsystems. Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun Januari 2010, na anwani nyingi zilihama au zikafa. Vipeleke kwenye swali la 11.

8. Perl, Ruby, R?

Perl: `perldoc.perl.org` ina menyu ya matoleo, na kurasa zenye majina ya `perl5100delta` na ndugu zake zinaeleza kila toleo lilileta nini. Ruby: `docs.ruby-lang.org/en/` ikifuatwa na namba. R: vifurushi vya zamani viko kwenye folda ya Archive ya CRAN (hazina ya vifurushi vya R), na kila kifurushi kinabeba kurasa zake za msaada ndani yake.

9. Kompani ina programu ya Visual Basic 6 au FoxPro. Je, nyaraka zake bado zipo?

Zipo. Programu hizi zingali hai katika ofisi, na anayezitunza anastahili msaada kama mwingine yeyote.

Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998, na Microsoft iliacha kuitunza ile programu ya kuandikia msimbo wake mwaka 2008. Ukibonyeza F1 na kuambiwa mkusanyiko wa MSDN (maktaba ya nyaraka za Microsoft) haupo, maana yake msaada ulikuja kwenye diski za pembeni ambazo hazikusakinishwa. Toleo la mwisho la MSDN linaloungana na Visual Studio 6 ni la Oktoba 2001, kwa hiyo usipoteze muda na diski za baadaye. Kwanza uliza ndani ya kompani. Kabati la ofisi ya kompyuta mara nyingi bado lina kasha lake. Bila diski, Microsoft imeweka kurasa za VB6 kwenye `learn.microsoft.com`, katika sehemu ya matoleo yaliyopita.

Visual FoxPro 9 ndiyo ya mwisho ya ukoo wake, na utunzaji wake ulikoma Januari 2015. Msaada wake ni faili moja ya `.chm` (faili ya msaada ya Windows), na watumiaji waliokusanyika kwenye mradi wa VFPX wameendelea kuirekebisha. Ni kazi ya kujitolea iliyofanywa kwa heshima kubwa, na ni bora kuliko ile ya asili. Faili ikikataa kuonyesha kurasa, tazama swali la 10.

10. Faili ya .chm inafunguka, majina ya sura yako kushoto, lakini kulia ni tupu. Imeharibika?

Karibu kila mara haijaharibika. Windows inazuia kurasa za `.chm` iliyotoka kwenye intaneti au iliyo kwenye folda ya mtandao wa ofisi. Inakili kwanza kwenye diski ya mashine yako, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa za faili, weka alama ya kuondoa kizuizi, thibitisha. Kwenye Linux tumia xCHM au KchmViewer. 7-Zip nayo inaweza kuifumua iwe kurasa za kawaida za HTML, na hizo zitafunguka hata kwenye simu.

Faili za `.hlp` ni za kale zaidi. Windows iliacha kubeba kisomaji chake tangu Vista, na kwa Windows 10 hakuna cha kupakua kutoka Microsoft. Njia safi ni Linux yenye Wine, inayoendesha programu za Windows: `wine winhlp32 jina.hlp`.

## Viungo vilivyokufa

11. Ukurasa haupo tena. Nitumieje Wayback Machine?

Wayback Machine ni ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1996, na iko wazi kwa umma tangu 2001. Inanasa kurasa na kuzitunza pamoja na tarehe. Nenda `web.archive.org`, bandika anwani iliyokufa, chagua mwaka na siku.

Kwa mwenye mega chache kuna njia fupi isiyopitia kalenda. Andika moja kwa moja `web.archive.org/web/2008/` kisha anwani kamili ya ukurasa. Itakupeleka kwenye nakala iliyo karibu na mwaka huo. Ukitaka kuona orodha ya yote iliyonayo chini ya anwani fulani, weka nyota: `web.archive.org/web/*/` kisha anwani, na nyota nyingine mwishoni.

Chagua tarehe kwa akili. Kwa msimbo wa PHP 5.3, usichukue nakala ya juzi wala ya 2001. Chukua ya miaka ambayo 5.3 ndiyo ilikuwa ikitumika, yaani baada ya katikati ya 2009.

12. Nakala imefunguka lakini menyu haifanyi kazi, au inazunguka tu.

Kurasa za zamani za Java ziligawanywa katika vyumba vitatu ("frames"), na Wayback haikunasa vyote kila mara. Fungua chumba kikuu peke yake: badala ya `index.html`, jaribu `overview-summary.html` au `allclasses-noframe.html`. Kama ule mstari wa Wayback wa juu ndio unaokwamisha, ongeza `id_` mara baada ya tarakimu za tarehe katika anwani, nawe utapata ukurasa ghafi kama ulivyonaswa.

Na ikitokea Wayback yenyewe haifunguki, subiri. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na huduma zake zikasimama kwa siku kadhaa, na zikarudi. Ndiyo sababu swali la 14 lina uzito kwangu kuliko hili.

13. Nikitafuta, injini inaniletea toleo jipya kila mara. Nifanyeje?

Weka namba ya toleo ndani ya alama za kunukuu pamoja na jina la fanksheni, na uibane injini kwenye tovuti moja: `site:docs.python.org/2.7 urllib2`. Bora zaidi, tafuta maneno ya kosa lenyewe jinsi mashine ilivyoyaandika, bila majina ya faili zako. Maneno ya kosa hubadilika toka toleo hadi toleo, kwa hiyo yanachuja yenyewe.

## Mega chache, umeme wa kubahatisha

14. Nitatunzaje nyaraka ili nisizitafute tena?

Kama utafanya jambo moja tu kutoka ukurasa huu, fanya hili. Siku ukipata mtandao mzuri, chuo au kazini, chukua nyaraka nzima ya toleo lako na uondoke nayo.

Anza na kifurushi rasmi. Python inatoa nyaraka za kila toleo kama faili moja ya zip ya HTML au kama PDF, kupitia ukurasa wa kupakua wa toleo hilo. PHP inatoa mwongozo mzima, wa Kifaransa ukitaka, kwenye `php.net/download-docs.php`, lakini ni wa leo tu. Java pia ina zip yake kwa Oracle.

Kisha kuna programu zinazobeba nyaraka nyingi pamoja na kisanduku cha kutafutia. Zeal inakwenda kwenye Windows na Linux. DevDocs inafunguka kwenye kivinjari na inakubali kutunzwa kwa matumizi bila intaneti. Ina matoleo kadhaa ya Python, Ruby na OpenJDK, huku PHP ikiwa moja. Kiwix inabeba faili za ZIM, ambazo kati yake kuna Wikipedia na Stack Overflow nzima, na inafaa sana kwa darasa lenye mashine nyingi na mtandao mmoja dhaifu.

Kama hakuna kifurushi, nakili tovuti mwenyewe:

`wget --mirror --convert-links --page-requisites --no-parent --wait=1 ANWANI`

Lile `--no-parent` lisisahaulike, la sivyo utavuta tovuti nzima na mega zote. Lile `--wait=1` ni adabu kwa seva ya watu. Kwa faili moja kubwa tumia `wget -c`: delestaji (mgao wa umeme) ikikata katikati, ukirudisha amri ileile inaendelea pale ilipoishia.

Folda ipe jina lenye lugha, toleo na tarehe ya kuchukua, mfano `python-2.7.18-nyaraka-2025-03`. Flashi yenye folda inayoitwa "doc nouveau" itamtesa atakayekuja baada yako.

15. Je, inawezekana nyaraka tayari zimo kwenye mashine yangu?

Ndiyo, na watu husahau. `python -m pydoc -p 8080` inafungua tovuti ndogo ndani ya mashine yako. Nenda `localhost:8080` kwenye kivinjari na moduli zote zilizosakinishwa zipo, kwa toleo lako halisi, bila mega hata moja. Perl ina `perldoc -f split`, Ruby ina `ri`, PHP ina `php --rf strpos` inayotaja vigezo vya fanksheni. JDK nyingi zinabeba `src.zip`, msimbo chanzo wa maktaba zake, na maelezo yaliyozaa nyaraka yamo ndani.

Faida ya njia hii ni kwamba haiwezi kukosea toleo, kwa kuwa inaisoma lugha iliyosakinishwa.

16. Nataka nyaraka za maktaba, si za lugha.

Kanuni ni ileile. Django inatunza matoleo ya zamani: `docs.djangoproject.com/fr/1.11/` inafunguka. Kwenye tovuti za Read the Docs kuna kichaguo cha toleo pembeni au chini, na tahadhari na neno `latest` ndani ya anwani, maana mara nyingi linaonyesha kazi ambayo haijatolewa rasmi. Ikishindikana, pakua msimbo chanzo wa toleo hilo kutoka PyPI (hazina ya Python) au npm (ya JavaScript) na uangalie folda ya `docs` au faili ya README.

17. Naweza kuzijenga nyaraka mwenyewe kutoka msimbo chanzo?

Unaweza: `git clone --depth 1 --branch v3.6.15 https://github.com/python/cpython`, ingia folda ya `Doc`, andika `make html`. Tatizo ni kwamba chombo cha kujengea, Sphinx, nacho kina matoleo, na Sphinx mpya hukataa maandishi ya zamani. Usihangaike sana. Faili za `.rst` zilizomo ni maandishi ya kawaida na zinasomeka kwa macho. Kabla ya Python 2.6 nyaraka ziliandikwa kwa LaTeX, na hizo ni ngumu zaidi kusoma zikiwa ghafi.

## Kuzisoma na kuzitumia

18. Nyaraka zinasema fanksheni ipo, mashine inakataa. Nani mkweli?

Mashine. Rudi swali la 3 na uhakikishe namba. Kisha tafuta kwenye ukurasa maneno ya "Nouveau dans la version" au "Modifié dans la version", kwa sababu fanksheni inaweza kuwepo tangu zamani huku kigezo unachokitumia kikawa kimeongezwa baadaye. Kwa PHP kuna jambo jingine: fanksheni inaweza kuwa ndani ya kiongezi ambacho hakikuwashwa, na `php -m` itakuonyesha vilivyowashwa.

19. Kiingereza changu ni kidogo. Zipo za Kifaransa?

Kwa PHP ndiyo, chini ya `php.net/manual/fr/`. Kwa Python, `docs.python.org/fr/` ikifuatwa na toleo, lakini matoleo ya mwanzo yana vipande vingi ambavyo havijatafsiriwa. Ukitumia tafsiri, linganisha mifano ya msimbo na ile ya ukurasa wa asili, kwa sababu tafsiri inaweza kubaki nyuma ya asili yake.

20. Kwa nini nisiulize tu roboti wa akili bandia?

Muulize, lakini usimwachie neno la mwisho. Amejifunza kutoka kurasa za matoleo yote kwa pamoja, na anaweza kukupa mistari kumi ambayo mitano ni ya PHP 5 na mitano ya PHP 8, bila kigugumizi. Mtajie toleo waziwazi, kisha kila jina la fanksheni analokupa lipeleke kwenye nyaraka za toleo lako. Dakika mbili hizo zinaokoa usiku mzima.

21. Katika TFC nitaje vipi ukurasa wa zamani?

Taja jina la nyaraka, namba kamili ya toleo, anwani, na tarehe uliyoifungua. Kama unaogopa anwani itakufa kabla ya utetezi, ipeleke kwenye `web.archive.org/save`, nawe utapewa kiungo chenye tarehe kisichobadilika. Profesa akikifungua ataona ulichokiona wewe.

22. Naruhusiwa kunakili na kuwagawia wenzangu?

Mwongozo wa PHP uko chini ya leseni ya Creative Commons inayodai kutaja chanzo, na za Python ziko chini ya leseni huria ya Python. Gawa bila hofu. Nyaraka za Oracle na Microsoft zina masharti yao. Nakala ya kufanyia kazi ni jambo moja, kuziweka kwenye tovuti yako ni jingine, kwa hiyo soma masharti kwanza.

23. Nyaraka za zamani hazifundishi mambo ya hatari?

Zinafundisha. Mifano ya PHP ya enzi za `mysql_query` huunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye swali la hifadhidata, na nywila kufichwa kwa `md5`. Zitumie kuelewa msimbo ulioachiwa, usizitumie kuandika mpya. Ukiona mambo hayo kwenye tovuti inayobeba majina na namba za simu za watu, mwambie mwenye tovuti wiki hiyohiyo, na umpe mpango wa kuhamia PDO (njia salama zaidi ya kuuliza hifadhidata) na `password_hash`, iliyopo tangu PHP 5.5.

24. Na kama nyaraka zilikuwa kitabu cha karatasi tu, kama Turbo Pascal?

Turbo Pascal 1.0 ilitoka 1983 na 7.0 mwaka 1992, na miongozo ya Borland ilikuwa vitabu ndani ya kasha. Nakala zilizopigwa picha ziko `bitsavers.org` na Internet Archive. Lakini kabla ya kupakua PDF nzito, fungua Turbo Pascal ndani ya DOSBox (programu inayoiga mashine ya DOS), weka kishale juu ya neno, bonyeza Ctrl na F1: rejea ya lugha imo ndani ya programu, kwa 7.0 katika faili ya `TURBO.TPH`. Kama faili hiyo haimo kwenye folda uliyopewa, aliyekunakilia aliiacha, basi mwombe folda nzima.

Kuna kosa moja ambalo kitabu hakikueleza, kwa sababu mashine zilizolileta hazikuwepo bado. Programu inayotumia moduli ya `Crt` inakufa mara moja kwa "Runtime error 200" kwenye kompyuta yenye kasi. Ile hesabu ya kupima kasi wakati wa kuanza inazidiwa na mashine. Punguza mizunguko ya DOSBox, au kusanya msimbo huo kwa Free Pascal ukitumia `-Mtp`, hali inayofuata kanuni za Turbo Pascal. Nyaraka zake zinapakuliwa bure na zinaeleza pale wawili hawa wanapotofautiana.